Jinsi ya kuua vijidudu vya tope kwa mionzi bila kukivuruga chuma unachotaka kukipima

Ukipita kwenye majaruba ya mpunga huku Tabora mwezi wa tatu hivi, maji yakiwa yamesimama wiki kadhaa, angalia unapokanyaga. Juu tope ni la kahawia na mara nyingi kuna utando wa rangi ya kutu unaong'aa utadhani kuna mtu kamwaga dizeli, ila mguu ukizama ukautoa unatoka na tope la kijivu kabisa lenye harufu. Udongo ni ule ule, jaruba ni lile lile, juu kahawia chini kijivu. Mkulima yeyote anaijua hiyo, ukimuuliza atakwambia udongo umeoza, na wala hajakosea sana maana huko chini kweli kuna anayekula.

(Huo utando ukitaka kujua ni mafuta au ni chuma, uchokoze na kijiti. Mafuta ukiyakata yanajirudi yanaungana, utando wa chuma unapasuka vipande vipande kama kioo na unabaki hivo hivo.)

Anayekula ni bakteria. Sisi tukila ugali tunahitaji oksijeni ya kuvuta ili chakula kigeuke nguvu, yeye maji yakishajaa jaruba, oksijeni inaisha, kwa hiyo anatumia chuma kilichoko kwenye udongo, ile kutu yenyewe, kama ndo pumzi yake. Kutu ina chuma cha aina ambayo maabara tunaiita chuma tatu, Fe3+, haiyeyuki na ndo inaupa udongo wekundu na ukahawia, bakteria anaitwisha elektroni moja inakuwa chuma mbili, Fe2+, na hiyo inayeyuka, rangi nyekundu inapotea. Wahunzi wa Kisumbwa zamani walikuwa wanatoa jembe kwenye mawe kwa mkaa na mivuo, na hapo tanuru linakitia chuma elektroni tatu mpaka kinakuwa chuma chenyewe cha kufua. Huyu bakteria anafanya theluthi ya kazi ile, bila moto, ndani ya tope la baridi. Mimi hilo kila nikilifikiria naona ni jambo kubwa sana.

Wanaojulikana zaidi ni Geobacter, aliyetolewa kwenye tope la mto Potomac Marekani, na Shewanella oneidensis wa ziwa Oneida jimbo la New York, wote waliripotiwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Ila ndugu zao wako kila penye tope lililokosa hewa, kuanzia majaruba ya Nzega mpaka delta ya Luiche kule Kigoma.

Na sio mambo ya vitabuni tu. Kisima kinachotoa maji meupe safi afu ukiyaacha kwenye ndoo usiku kucha asubuhi yamekuwa ya njano na nguo nyeupe zinapata madoa, hiyo ni chuma mbili imekutana na hewa ikarudi kuwa kutu. Fosforasi iliyoshikwa na kutu kwenye udongo mwekundu inaachiliwa chuma kikigeuzwa, mpunga unafaidika, ila chuma mbili ikizidi mpunga huo huo unadhurika, majani yanapata rangi ya shaba. Kwa hiyo kujua nani anageuza chuma na kwa kasi gani ni swali la maana kabisa, na watu wengi wanaosoma udongo, maji au biolojia wanalichagua kwa projekti. Naandika hii kwa ajili yenu, maana kuna sehemu moja karibu kila mtu anakosea, nami nilishakosea hapo hapo.

Sehemu yenyewe ni chupa mfu

Ili useme bakteria ndo waliogeuza chuma lazima uwe na chupa nyingine yenye tope lile lile ambalo bakteria wake wamekufa. Chupa hai ikiongezeka chuma mbili na chupa mfu ikabaki pale pale, umeshinda. Inaonekana rahisi. Tatizo ni kwamba njia yoyote ya kuua bakteria inagusa na kile chuma, halafu wewe unalinganisha vitu viwili ukidhani tofauti ni uhai tu kumbe na madini yenyewe yameshabadilika.

Njia ya kwanza ambayo wote tunaikimbilia ni joto, otoklevu au presha kuka. Nyuzi 121 kwa dakika 20 inatosha kwa vyombo, udongo unataka saa nzima, na ukitaka uhakika unarudia siku tatu mfululizo kwa sababu kuna spora, yaani bakteria waliojifungia kwenye ganda gumu, ambazo joto la kwanza linaziamsha tu na la pili ndo linaziua. Na hapa Tabora kuna jambo la kuongeza, mji uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi kama 96 hivi, kwa hiyo presha kuka ikiongeza paundi 15 juu ya presha ya hapa unapata karibu nyuzi 119 tu, sio 121. Na presha kuka nyingi za jikoni hata hizo paundi 15 hazifiki. Ongeza muda.

Ila hata ukiua vizuri, joto limeshaharibu. Kutu ambayo bakteria wanaipenda kuliko zote inaitwa ferihidriti, ni kutu changa, laini, haijajipanga, eneo lake la juu ni kubwa sana. Ukiipika kwenye maji inaanza kujipanga kuwa hematiti au gothiti, madini magumu ambayo bakteria anayala kwa shida. Nilishawahi kupika tope, nikaongeza bakteria hai kwenye lile tope lililopikwa, nikaona wanakwenda polepole mno, nikaandika kwamba bakteria wangu ni dhaifu. Hawakuwa dhaifu, nilikuwa nimewabadilishia chakula. Miezi miwili ya kazi ilienda hapo na ndo sababu nimekaa kuandika hii.

Kemikali kama sodiamu azidi na kloridi ya zebaki usiziguse kama huna maabara kamili, ni sumu kali na zenyewe zinaingiliana na kemia ya chuma.

Inabaki mionzi ya gama, na kwa udongo ndo njia inayovuruga kidogo kuliko nyingine nyingi. Kidogo, nasisitiza. Sio sifuri.

Mionzi inafanya nini humo ndani

Chanzo cha kawaida ni kobalti-60, inatoa miale miwili ya gama yenye nguvu ya MeV 1.17 na 1.33 (MeV ni kipimo cha nguvu ya mwale). Inapita kwenye chupa na tope kama mwanga unavyopita kwenye neti, na njiani inavunja molekuli. Kipimo chake ni grei, grei moja ni juli moja kwa kilo. Sasa fanya hesabu hii maana inafungua macho: kilogrei 25, dozi ambayo kwa kawaida inasafisha vifaa vya hospitali, ni juli 25,000 kwa kilo, na hiyo ingepasha maji kwa nyuzi 6 tu. Yaani nguvu ya kufanya maji yawe vuguvugu ndo inaua karibu kila kijidudu, kwa sababu haiji kama joto, inakuja kama risasi zinazokata DNA. Ndo maana ferihidriti yako haipikwi.

Nenda duka la dawa uangalie paketi ya glavu za upasuaji au bomba la sindano, baadhi utaona kisanduku kimeandikwa STERILE na pembeni herufi R. Hiyo R maana yake vilisafishwa kwa mionzi. Watu wanaogopa kwamba kitu kilichopigwa gama kinabaki na mionzi, hapana, gama ya kobalti haina nguvu ya kugeuza tope kuwa chanzo cha mionzi. Na kama unatoka huku kwenye mbung'o utakuwa umesikia habari ya Unguja, madume ya mbung'o yalilelewa Tanga, yakapigwa mionzi kwa dozi ndogo ya kuhasi bila kuua, yakaachiwa kisiwani, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa haina mbung'o tena. Mionzi ile ile, dozi tofauti, matokeo tofauti kabisa. Dozi ndo kila kitu.

Kwa bakteria tunahesabu hivi, dozi inayobakiza mmoja katika kila kumi. Shewanella ni laini mno, grei 70 hivi zinatosha kubakiza mmoja kwa kumi. Spora zinataka kilogrei 1 mpaka 3 hivi. Afu kuna Deinococcus radiodurans, aliyegunduliwa 1956 Oregon kwenye nyama ya kopo ambayo walidhani wameshaiua kwa mionzi, huyu anataka kilogrei kumi na kuendelea. Kinachovutia, mwaka 2004 watafiti wa Marekani walionesha kwamba Shewanella ana chuma kingi na manganizi kidogo mwilini wakati Deinococcus ni kinyume chake, kwa hiyo kile chuma ambacho mdudu wetu anakitegemea kinakwenda pamoja na udhaifu wake mbele ya mionzi.

Kwa udongo wengi wanapiga kilogrei 25 mpaka 50 au zaidi, maana gramu moja ina bakteria mamilioni kwa mamilioni na chembe za udongo zinawakinga. Ila zingatia na kasi, sio jumla peke yake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester waliweka tope lenye chakula chini ya mionzi ya polepole, grei 30 kwa saa kwa wiki 8, jumla ikazidi kilogrei 38, na bado chuma kiligeuzwa humo ndani. Dozi hiyo hiyo ukiipiga ndani ya siku moja isingekuwa hivo, polepole bakteria wanapata nafasi ya kujitengeneza na waliobaki wanazaana. Kwa hiyo ukiulizwa dozi, taja na kasi yake.

Sasa upande wa chuma. Mionzi inapovunja maji inatoa elektroni huru, redikali za haidroksili, haidrojeni na peroksidi. Elektroni inaweza kumshika chuma tatu ikamfanya chuma mbili bila bakteria yeyote, peroksidi nayo inaweza kurudisha chuma mbili kuwa chuma tatu. Nani anashinda inategemea kama kuna oksijeni ndani ya chupa, kuna mboji kiasi gani, na tope ni bichi au kavu. Timu ya Manchester hiyo hiyo mwaka 2014 walipiga ferihidriti na hematiti dozi kubwa sana, kilogrei 1,000, wakakuta ferihidriti imejipanga zaidi ikawa kama madini yanayoitwa akaganeiti. Mtu ungetegemea bakteria washindwe kuila, si tumesema yaliyojipanga ni magumu. Ila Shewanella wakiwa na riboflavini (vitamini B2) ya kuwabebea elektroni walikula zote mbili, ferihidriti na hematiti, haraka zaidi na kwa kiasi kikubwa zaidi kuliko zile ambazo hazikupigwa. Kwa hiyo mionzi iliwalainishia chakula. Kumbuka dozi yao ni mara 40 ya kilogrei 25, usichukue matokeo yao ukayabandika kwako. Chukua onyo tu: chuma kilichopigwa mionzi sio chuma kile kile, pima.

Na jambo la mwisho, wale bakteria waliokufa hawaendi popote. Wanapasuka, sukari na protini na amonia zao zinamwagika kwenye tope, vimeng'enya vyao vingine vinaendelea kufanya kazi muda baada ya mwenyewe kufa. Tope lililopigwa mionzi lina chakula kingi kilicho tayari kuliko tope hai. Ukirudisha mdudu humo anakuta sherehe.

Chupa unazohitaji

Ndo maana chupa mbili hazitoshi. Mimi natumia aina nne, kila aina tatu tatu ili upate wastani. Hai, ambayo haijaguswa na imebaki Tabora kwenye friji. Msafiri, ambayo ilifungwa pamoja na zile za mionzi, ikasafiri nazo boksi moja, ikarudi nazo, ila haikuingizwa kwenye mionzi. Mfu, iliyopigwa mionzi ikaachwa. Na Mfufuka, iliyopigwa mionzi afu ukairudishia kijiko kidogo cha tope hai.

Wengi hawaweki Msafiri na mimi naona ndo ya muhimu kuliko zote kwa sisi wa huku. Tope lako litakaa njiani siku kadhaa, basi lina joto, na bakteria hawajui kwamba ni safari, wanaendelea kula. Chuma mbili utakayoikuta kwenye chupa ikirudi, nusu inaweza ikawa ya mionzi na nusu ya barabarani. Bila Msafiri huwezi kutenganisha.

Kuchota tope: toa ile sentimita tano ya juu, chukua ya kijivu kuanzia sentimita 5 mpaka 15, jaza chupa mpaka mdomoni usiache hewa, funga ukiwa bado shambani. Chuja mizizi na konokono kwa chekecheke baadaye, ila haraka. Kwenye kila chupa ya mililita 100 weka gramu 20 za tope na mililita 60 za maji yaliyochemshwa yakapozwa, pitisha nitrojeni dakika 15 kutoa oksijeni, ziba kwa kizibo kizito cha mpira na kifuniko cha alumini. Tofauti ya uzito kati ya chupa na chupa isizidi gramu moja, maana maji yanabadilisha kila kitu kwenye mionzi.

Tengeneza pia chupa za ferihidriti tupu, kwa sababu tope lina mambo mengi na huko unataka kuona chuma peke yake. Gramu 40 za nitrati ya chuma tatu kwenye nusu lita ya maji, mwagia mililita 330 za haidroksidi ya potasiamu ya molari 1 huku unakoroga, mililita 20 za mwisho kwa matone mpaka pH ifike kati ya 7 na 8. Litashuka tope la kahawia nyekundu. Lioshe kwa maji safi mara nyingi, kweli kweli, maana nitrati ikibaki bakteria wataila hiyo kwanza na chuma watakiacha, utakaa wiki mbili unashangaa. Usilikaushe kwenye oveni. Litumie ndani ya wiki chache, likikaa linazeeka lenyewe.

Chakula cha bakteria usikiweke kabla ya mionzi. Asetati na vitamini zinavunjwa na mionzi, utakuwa umewapa kitu kingine. Piga tope na maji tu, chakula kiingie baadaye kwa sindano.

Kuhusu chupa, kioo cha kawaida kikipigwa gama kinageuka kahawia, kikiingia dozi kubwa kinakuwa giza kama chupa ya bia, kwa hiyo ukitegemea kuangalia rangi kwa macho utadanganyika, na usije ukaogopa ukadhani tope limeungua. Polipropilini inakuwa ngumu na kupasuka. Polithini inavumilia zaidi ila inapitisha hewa kidogo kidogo. Mimi nachukua kioo, rangi naangalia kwa kumimina tone kwenye kigae cheupe.

Safari

Mambo yote ya mionzi nchini yako chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC. Usianze kupiga simu mwenyewe, pitia kwa msimamizi wako chuoni au kwenye taasisi yako, ndo wanaojua utaratibu na vibali, na kama sampuli zinavuka mpaka udongo una vibali vyake kabisa, nchi nyingi haziruhusu udongo mbichi kuingia hivi hivi. Anza miezi mitatu kabla.

Weka chupa kwenye kuulabox yenye barafu, zisimame, weka karatasi katikati. Andika kwenye fomu ya kuomba: uzito wa kila chupa, dozi ya chini unayotaka (mimi naandika kilogrei 30 kwa tope lenye maji), dozi ya juu isizidi ngapi, joto, na omba wakurudishie kasi ya dozi na usomaji wa dosimita (kipima dozi) iliyokaa katikati ya boksi. Hili la mwisho watu wanaona aibu kuomba. Omba. Chupa ya pembeni na ya katikati hazipati sawa, na kobalti inapungua asilimia moja hivi kila mwezi kwa kuwa nusu yake inaisha ndani ya miaka 5.27, kwa hiyo saa walizotumia mwaka jana sio za mwaka huu. Kama wanaweza kukuzungushia boksi katikati ya kazi, bora zaidi.

Zikirudi

Kabla ya kitu chochote toboa kizibo kwa sindano iliyosafishwa utoe gesi, kisha pitisha nitrojeni tena. Hii hatua usiiruke. Maji yaliyovunjwa na mionzi yanaacha haidrojeni juu ya chupa na haidrojeni ni chakula kitamu kwa hawa bakteria, ukimrudisha mdudu kwenye Mfufuka bila kuitoa atakimbia kwa kasi na wewe utaandika kwamba mionzi imelainisha chuma, kumbe alikuwa anakula gesi. Fanya hivo hivo kwa Hai na Msafiri, zote zipate mkono sawa.

Subiri siku moja mbili peroksidi ijimalize. Kisha pima chuma mbili ya siku sifuri kwenye zote.

Halafu chakula. Asetati ya sodiamu ile yenye maji, gramu 1.36 kwa lita, inakupa milimola 10. Huna? Siki, hii vinega ya dukani ya asilimia 5, mililita 12, weka bekingi soda kidogo kidogo mpaka iache kutoa povu, hakikisha pH iko 7, ongeza maji ifike lita, unapata karibu kiasi kile kile. Ichemshe kabla ya kuitumia. Molekuli moja ya asetati ikiliwa yote inageuza chuma nane, kwa hiyo milimola 10 inatosha kugeuza milimola 80 za chuma, chakula hakitakuishia mapema.

Kwenye Mfufuka dunga mililita moja ya uji wa tope hai. Kwenye Mfu dunga mililita moja ya uji ule ule uliouawa, ili asiseme mtu kwamba tofauti ni kile ulichoongeza. Funika chupa zote kwa mfuko mweusi, mwanga wenyewe unaweza kugeuza chuma kukiwa na mboji. Joto la chumba la Tabora linafaa, ila toa mbali na dirisha.

Pima siku ya 0, 1, 3, 7, 14, 21 na 28. Kila mara tikisa, vuta mililita 0.1 kwa sindano, weka kwenye mililita 5 za asidi ya haidrokloriki ya molari 0.5, acha saa moja. Kutoka humo chukua mililita 0.1 uweke kwenye mililita 5 za ferozini, kemikali inayogeuka zambarau ikikutana na chuma mbili, gramu 1 kwa lita kwenye bafa (maji yanayoshikilia pH) ya pH 7, itakuwa zambarau, soma kwenye spektrofotomita, mashine ya kupima rangi, nanomita 562. Kama uko sekondari bila mashine, dondoshea haidroksidi ya sodiamu kama mnavyofanya kwenye praktiko, kijani chafu ni chuma mbili, kahawia nyekundu ni chuma tatu, ila angalia sekunde zile zile za kwanza maana kijani kikikaa hewani kinageuka kahawia. Hiyo asidi usiiweke karibu na blichi kabisa, inatoa klorini.

Kwenye chupa za ferihidriti tumia na sumaku, hata ya spika mbovu ya redio. Bakteria wakifanya kazi vizuri kahawia inaweza kugeuka nyeusi na ukisogeza sumaku ubavuni unga unasogea, hiyo ni magnetiti imezaliwa mbele yako. Mara ya kwanza kuiona nilimwita kila mtu aliyekuwa jengoni.

Kusoma majibu

Mfu ikiwa na chuma mbili zaidi ya Msafiri siku ya 0, afu ikakaa pale pale wiki nne, mionzi yenyewe ndo iligeuza kiasi hicho, toa kwenye hesabu. Mfu ikianza chini halafu baada ya siku kumi ikapanda kwa kasi, hawakufa wote, na dozi au kasi haikutosha. Ikipanda kidogo kidogo kwa mstari ulionyooka tangu siku ya kwanza inaweza ikawa vimeng'enya na mboji iliyovunjika, sio uhai, na hapo jaribu kuchukua tone kwenye chakula kizito kisicho na hewa uone kama kuna kitakachoota. Usipimie uhai kwa DNA, maiti nao wana DNA na itaonekana. Wala usipimie kwa sahani ya agari iliyo wazi mezani, hawa wengine hewa inawaua.

Mfufuka ikienda sawa na Msafiri, furahi, mionzi haijakivuruga chuma chako kiasi cha kuonekana. Ikienda haraka kuliko Msafiri, usikimbilie kusema madini yamelainika, kuna zile maiti zilizomwaga chakula. Hapo ndo chupa za ferihidriti tupu zinakuokoa, kule hakukuwa na bakteria wa kupasuka kabla ya mionzi, kwa hiyo ukiona haraka na kule pia basi ni madini. Ukiiona kwenye tope tu, ni chakula. Ikienda polepole, inawezekana ulirudisha bakteria wachache tu kuliko waliokuwemo mwanzo, angalia kama mwisho wake inafika pale pale, mwisho una maana kuliko mwanzo.

Kwenye ripoti andika dozi, kasi ya dozi, maji asilimia ngapi, gesi gani juu ya chupa, joto, na siku ngapi barabarani. Mtu wa Sikonge au wa Kasulu akitaka kurudia kazi yako hivo ndo vitu atakavyokosa.

Na bakiza chupa moja ya Mfu usiichokonoe kabisa, hata sindano isiingie baada ya ile ya kutoa gesi. Iweke kabatini. Siku ya 60 mimina tone kwenye kigae cheupe karibu na tone la chupa Hai, linganisha rangi zao, na piga picha hiyo kabla hewa haijaanza kuyarudisha kuwa kutu.